Mwalimu Aliyeanzia Mwisho

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa akitufundisha wimbo kuanzia mwisho. Wageni kutoka kwaya nyingine wakitutembelea pale mtaa wa Free Area, Nakuru, walidhani tumerukwa na akili. Ni Jumamosi mchana, wimbo ni mpya, karatasi zimeshagawanywa, na badala ya kuanza na ubeti wa kwanza kama Wakristo wengine, sisi tunaanza na "Amina". Tunaiimba hiyo Amina mpaka inalainika. Kisha mstari ulio kabla ya Amina. Kisha ulio kabla ya huo. Tukifika mwanzo wa wimbo, jua limeshashuka upande wa milima ya Mau na watoto wetu wamekuja mlangoni kuuliza tutakula nini.

"Kuanza hata jogoo anaanza," alikuwa akisema. "Kumaliza pamoja ndiyo kazi."

Siku hizi kwaya ina mwalimu mwingine, kijana mpole anayeanza na ubeti wa kwanza. Namheshimu. Lakini mimi nikishika karatasi ya wimbo mpya, macho yangu bado hukimbilia chini.

Mimi ni fundi wa nguo. Duka langu linatazamana na kanisa, na majoho ya kwaya nimeyashona tangu yalipokuwa ya bluu, yakawa mekundu, yakarudi bluu. Vipimo vya kila mtu ninavijua, hata vya wale wanaokana. Nilijiunga nikiwa soprano kwa maoni yangu mwenyewe. Mwalimu alinisikiliza mstari mmoja tu, akaelekeza penseli yake upande wa pili wa ukumbi. "Mama Shiro, nenda pale." Pale palikuwa kwa akina alto. Nilinuna wiki nzima, kisha nikagundua kwamba kwa akina alto ndiko kunakochekwa zaidi, nikatulia.

Kosa langu lilikuwa moja, na bado ninalo. Nina pumzi nyingi. Mwalimu akifunga ngumi wimbo ukome, wote wananyamaza, na mimi bado niko huko hewani na noti yangu.

"Mama Shiro, umebaki peke yako," alikuwa akisema. "Wenzako wamefika nyumbani, wanakula."

Watu walicheka, na mimi pia. Lakini nilikuja kuona kwamba yeye mwenyewe hacheki. Alikuwa akitania vizuri, kisha uso wake unazimika kidogo, anainama apange karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Ilinichukua miaka kujua ni kwa nini.

Alikuwa mtu wa shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni na penseli nyuma ya sikio. Majina ya watu yalimshinda. Alitujua kwa sauti. Ukikutana naye sokoni, amebeba kabichi, anakusalimia, "Habari, Alto," na mumeo akiwa kando anatambulishwa kwa wengine kama bwana wa Alto. Siku tulipomzika mzee mmoja wa kwaya, familia ilimwomba Mwalimu aseme machache. Alisimama, akafikiri, akasema, "Tumempoteza bass ambaye hakuwahi kukimbia mbele ya wenzake," akaketi. Mjane alilia kuliko alivyolia kwa hotuba zote nyingine.

Kelele alizichukia. Vijana waliponunua kinanda na spika kubwa kama kabati, yeye alikuwa akipita nyuma yao kila Jumapili akipunguza sauti, na wao wakipita nyuma yake wakiiongeza. Hawakuwahi kugombana kwa maneno. Ulikuwa mchezo wa paka na panya uliochezwa na watu waliovaa majoho.

Kwa hiyo nilishangaa siku ile spika ilipopasuka. Ilikuwa mazoezini. Kijana wa gitaa alipiga noti moja, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza, ya kunguruma, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Akina soprano waliziba masikio.

"Mwalimu, spika imeblow," kijana alisema. "Wacha nizime."

Mwalimu aliinua mkono. "Wacha kidogo. Piga tena. Pole pole."

Kijana akapiga. Mwalimu alisimama pale ameinamisha kichwa, amefumba macho, na mdomo wake ukawa unataka kucheka. Ukumbi mzima tukamtazama. Kisha akafumbua macho, akatuona, akakohoa.

"Haya, zima hiyo takataka," alisema.

Nilijiambia, huyu mzee ana mambo. Na kwa kuwa subira huvuta heri, sikumuuliza. Heri yenyewe ilikuja miezi michache baadaye, imefungwa ndani ya gazeti.

Aliingia dukani asubuhi moja, akaweka furushi juu ya cherehani. "Nataka mito ya kochi," alisema. "Mama amesema kochi letu linatuaibisha." Mkewe tunamwita Mama Kwaya, ingawa hajawahi kuimba nasi hata mstari mmoja.

Nilifungua gazeti. Ndani mlikuwa na suruali ya mahameli ya zambarau, miguu yake mipana kule chini kiasi kwamba mguu mmoja ungetosha mito miwili na kitambaa kingebaki.

"Mwalimu, hii ni ya nani?"

"Yangu."

Nilimtazama, na vifungo vyake mpaka shingoni. Nilicheka mpaka nikaweka mkasi chini nisijikate. Hakukasirika. Alikaa kwenye benchi la wateja, akangoja nimalize, kisha akanisimulia habari za Ukungu.

Ukungu ilikuwa bendi ya vijana wanne wa Elburgon, mji wa mbao ulio juu ya Nakuru, miaka ile ya sabini. Wazazi wao walikuwa wapasua mbao na wapakiaji. Wawili kati yao, mwimbaji na mpiga besi, Mungu alishawapumzisha. Waliobaki ni Mwalimu, aliyekuwa mpiga gitaa, na rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, aliyekuwa mpiga ngoma. Walikuwa wamesikia blues, ule muziki wa kulia wa Wamarekani weusi, katika santuri ambazo dereva mmoja wa lori alikuwa akiwaletea. Waliupenda kwa sababu ulikwenda taratibu, kama watu wa kwao wanavyokwenda asubuhi kwenye baridi. Halafu wakaanza kuuvuta. Wimbo mmoja ungeweza kuzunguka na kuzunguka mpaka mtu atoke nje, ale mahindi ya kuchoma, arudi, aukute palepale.

Gitaa lenyewe walilichonga kwa ubao wa mutarakwa, yaani mwerezi, uliotoka kiwanda cha mbao cha kwao, na Mwalimu aliniapia kwamba lilipopata joto lilinukia kama kabati jipya. Spika ya amplifaya waliichana kwa wembe, kwa makusudi.

"Kwa nini?" nilimuuliza.

"Wewe hujakulia karibu na kiwanda cha mbao. Msumeno ukikata mbao safi unaimba tu. Lakini ukikutana na fundo, unalia. Hiyo kilio unaisikia hapa." Aligusa kifua. "Sisi tulikuwa tunaitafuta hiyo."

Wimbo wao mkubwa uliitwa "Msumeno".

Walipoupiga mara ya kwanza katika ukumbi wa Elburgon, wapakiaji na wakulima walikuja na wake zao kucheza dansi. Hawakucheza. Walisimama na makoti yao, wakatazama. Baada ya muda mrefu mzee mmoja alimsogelea mpiga ngoma katikati ya wimbo, akamwuliza kwa heshima, "Kijana, hapa mnatengeneza vyombo au mmeanza?"

Mwalimu alinisimulia hayo akipangusa machozi ya kicheko. Nakuru walipokelewa vizuri zaidi, na vijana wenye nywele nyingi na viatu vyenye visigino virefu. Huko walifunika taa za ukumbi kwa karatasi za rangi, nyekundu na kijani, ili watu wajione kama wako ndotoni. Karatasi zikashika joto, zikaanza kuungua, moshi ukajaa jukwaani. Watu walipiga makofi sana. Walidhani ni sehemu ya onyesho, na bendi ikaendelea kupiga huku mpiga besi akizima moto kwa koti lake.

"Hiyo suruali ndiyo ilinipata mimi," Mama Kwaya aliniambia baadaye, nilipopeleka mito. "Nilikuwa nimesimama mbele kabisa. Sikuona uso wake kwa huo moshi. Niliona suruali tu."

Bendi haikudumu. Ukungu wenyewe hauishi sana, jua likitoka basi. Kati ya siku ile ya mzee wa ukumbini na siku walipoachana, mahindi hayakuvunwa mara tatu. Na kilichowaachanisha, alivyosimulia Mwalimu, kilikuwa mwisho wa "Msumeno".

Walikwenda Nairobi kurekodi. Studio ilikuwa ya kupewa zamu, wimbo unapigwa mara moja, na mwenye studio alishawaonyesha mlango kwa macho. Walikubaliana kwamba mpiga ngoma akiinua vijiti juu, wote wanakoma. Lakini Mwalimu alikuwa na tabia ya kupiga amefumba macho. Vijiti vikainuliwa, wenzake wakakoma, na yeye akaendelea na gitaa lake peke yake.

"Nilijisikia niko uchi," aliniambia. "Nikafumbua macho, naona wote wananiangalia. Nikaendelea kupiga kwa sababu sikujua nitoke aje. Na yeye ameniacha hapo. Rafiki yangu."

"Alikuacha aje? Si mlikubaliana mkome?"

"Angeweza kurudi. Angeona nimepotea, angerudi na ngoma anishike, tutoke pamoja. Hakurudi."

Mpiga ngoma yeye alisema alirudi. Wakabishana kutoka Nairobi mpaka Elburgon, wakiwa juu ya magunia ndani ya lori la mtu, na walipofika hawakuagana. Santuri ilipotoka, Mwalimu aliisikiliza nyumbani, lakini kila alipokaribia ule mwisho alinyanyua sindano. Aliona aibu. Ilipopigwa mahali pa watu, alitoka nje. Kisha akamwazima mtu santuri yake, na unajua kitu cha kuazima.

Wala haikuwa rahisi kupata nyingine, kwa sababu ya jambo ambalo nadhani lingetokea Nakuru tu. Watu walioinunua waliirudisha dukani. Walipoweka sindano na kusikia gitaa la spika iliyochanwa, walidhani santuri imeharibika. "Boss, hii inakwaruza, nipe nyingine." Mwenye duka akawapa nyingine, nayo ikakwaruza vilevile. Mwishowe akakataa kuzipokea. Basi akina mama wakazifanyia walichofanyia santuri zote mbovu wakati huo: maji ya moto, sufuria iliyopinduliwa, bonyeza pembeni mpaka ukingo upindike mawimbi mawimbi, na hapo una bakuli la maua la kuweka mezani. Ukungu iliishia kushika maua ya plastiki katika nyumba za watu.

Sasa nilielewa Amina zetu. Nilielewa pia uso ule uliozimika kila nilipobaki hewani na noti yangu. Mzee alikuwa akijiona mwenyewe ndani yangu.

Mpiga ngoma alikuwa bado yuko Elburgon, analima viazi. Mkewe na Mama Kwaya walikuwa wakipigiana simu sikukuu kwa sikukuu, na kila mara salamu zilikuja na mkia uleule. "Mwambie nilirudi." Mama Kwaya alizifikisha mezani, Mwalimu akasema, "Hakurudi," kisha akaomba chumvi. Wazee wawili walikuwa wamezeeka hivyo, mmoja juu kwenye baridi na mwingine chini kwenye vumbi, kila mmoja akiwa na jibu lake.

Nilijaribu kumsema. Mimi si mtu wa kunyamaza.

"Mwalimu, si upande Elburgon tu umsalimie?"

"Maji yakimwagika hayazoleki, Mama Shiro."

"Lakini yanakauka."

Akaelekeza penseli yake kwa akina alto. "Rudi kwa mstari wako," alisema.

Kilichonitia haraka ni masikio yake. La kushoto lilikuwa limeshakufa, yeye mwenyewe akisema liliuawa na ile amplifaya, na kwamba alistahili. La kulia nalo lilianza kumtoka. Mazoezini alianza kuweka kiganja nyuma ya sikio hilo. Alianza kutusogelea, akisimama karibu kabisa na bass, akiuliza, "Mmeimba?" Daktari alikuwa amemwambia lingeendelea kupungua. Alilipokea kwa utulivu ulionikasirisha. "Nimesikia vya kutosha," alisema. Mimi nilijua kuna kitu kimoja hajakisikia, na kwamba mlango ulikuwa unafungwa.

Bakuli la santuri nililikuta mtaa wa Rhonda, hapahapa Nakuru, bila kulitafuta. Nilikuwa nimempelekea mama mmoja mzee gauni la harusi ya mjukuu wake. Alipokuwa akilijaribu chumbani, nilitazama meza. Juu ya kitambaa cha kufuma palikuwa na bakuli jeusi, dogo, ukingo wake mawimbi, limejaa funguo, vifungo, dawa za presha na limau moja iliyokauka. Vidole vyangu ni vya fundi, haviwezi kuacha vifungo. Nikachokora. Chini kabisa, palipo bapa, palikuwa na karatasi ya duara iliyofifia, na juu yake neno: UKUNGU.

Nilikaa chini.

"Mathe," nilimwita, "hii bakuli ulitoa wapi?"

"Hiyo?" Alitoka chumbani na gauni halijafungwa mgongoni. "Ilikuwa rekodi, siku zile. Niliweka, ikaanza kunguruma kama posho mill inasaga mahindi. Nikarudisha kwa duka, wakakataa. Nikaitengeneza mwenyewe."

"Unaweza kunipea?"

"Na dawa zangu niweke wapi?"

Kesho yake nilimletea bakuli la plastiki lenye kifuniko. Alilifungua na kulifunga, akalifungua na kulifunga. Sijawahi kuona mtu aliyeridhika hivyo. Gauni hakulitaja tena.

Nililibeba lile jeusi kwenye mfuko, nikitembea nalo kama yai. Na nilipokuwa nikilitazama dukani, nikasoma chini ya lile neno, kwa herufi ndogo, "Msumeno", kisha nikaona jambo. Wimbo kwenye santuri huanzia nje, ukingoni, unazunguka kuingia ndani, unaishia karibu na ile karatasi ya katikati. Ukingo wa bakuli ulikuwa umepindika wote, kwa hiyo mwanzo wa "Msumeno" na sehemu kubwa ya katikati vilikuwa vimekwenda. Lakini kitako kilikuwa bapa, na kilizidi karatasi kwa upana wa kidole. Kilichobaki katika wimbo mzima ni mwisho wake.

Nilifika kwao Jumapili baada ya ibada. Mama Kwaya alikuwa anapika chapati. Gramafoni yao ilikuwa pembeni ya sebule, imefunikwa vitambaa, juu yake chungu cha ua. Mwalimu alikaa kwenye kochi, ameegemea suruali yake ya zamani.

Niliweka bakuli mapajani mwake. Alilizungusha. Akavaa miwani. Alisoma lile neno kwa muda mrefu kuliko linavyostahili neno fupi.

"Imekuwa bakuli," alisema.

"Pembeni tu. Chini ni bapa. Nikikata hizi kuta, sindano inaweza kuingia."

"Itacheza nini sasa? Hiyo ni kipande."

"Mwisho, Mwalimu."

Alilirudisha mapajani mwangu. "Basi wacha liwe bakuli."

Mama Kwaya alitoka jikoni na unga mikononi. Hakupaza sauti. "Huyu mama ametembea mpaka Rhonda. Na wewe sikio lako linaenda. Ukikataa leo, hutakuja kujua, na mimi nitazeeka nikibebeshwa hizo salamu. Nimechoka nazo."

Mwalimu alitazama mito. Alikuwa mzee wa watu, anaheshimiwa, na aliogopa kama mtoto anayesubiri sindano ya hospitali. Niliona huruma, nikatamani ningeacha bakuli lile na limau yake. Kisha akasema, "Msumeno wa chuma uko chini ya ngazi."

Nilichora duara kwa chaki yangu, pale kitako kilipoanza kupinda. Nilikata pole pole, yeye akishika, vumbi jeusi likimwagikia gazeti. Tulibaki na kisahani kidogo chenye kingo za mikwaruzo. Nililainisha kingo kwa tupa ya kucha. Mama Kwaya aliondoa chungu cha ua, vitambaa, na kitambaa cha chini ya vitambaa. Gramafoni ikazunguka. Mwalimu alikaa kwenye kigoda, sikio lake la kulia likiwa karibu kugusa spika, akaniachia mimi niweke sindano.

Kwanza mikwaruzo tu, kama chapati zinazokaangwa, na kwa kweli chapati pia zilikuwa zinakaangwa. Kisha walitokea. Wanne, vijana, wote kwa pamoja, wakizunguka. Ngoma nzito, besi ikitembea chini yake, na juu lile gitaa linalolia. Nilikuwa nimesimuliwa kilio kile, lakini kusimuliwa si kusikia. Kilinishika kifuani palepale alipokuwa amegusa yeye. Nilifikiri, Bwana, watu walirudisha kitu hiki dukani.

Ghafla ngoma ikakoma. Besi ikakoma. Gitaa likabaki.

Lilikuwa peke yake kweli. Hata mimi nisiyejua muziki wao nilisikia kwamba limepotea, linatafuta mlango. Mkono wa Mwalimu ukanyanyuka kwenda kwenye sindano, wenyewe, kama ulivyozoea. Mama Kwaya akaushika na unga wake.

"Leo hutoi," alisema.

Gitaa likaendelea, jembamba, likishuka. Na chini yake kikaja kitu kidogo sana. Tik. Tik. Tik. Haikuwa ngoma yenyewe, ilikuwa kijiti kwenye ukingo wa ngoma, cha upole, kama mtu anayebisha mlango wa chumba chenye mgonjwa. Kililifuata gitaa. Gitaa likakisikia, hilo lilikuwa wazi, lilinyooka. Vikaenda pamoja hatua chache, vikapunguza mwendo pamoja, vikakoma pamoja. Safi, kama Amina yetu.

Sindano ikagonga karatasi.

"Rudisha," Mwalimu alisema.

Nikarudisha. Akafumba macho. Ile tik tik ilipoingia, kidole chake kikaanza kugonga goti.

"Rudisha."

Sijui nilirudisha mara ngapi. Chapati moja iliungua na hakuna aliyeinuka. Mwishowe alikaa wima, akavua miwani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Alirudi." Halafu akalia. Si sana. Alilia kama mtu aliyefika safari, kisha akajipangusa kwa mto wa zambarau.

Mama Kwaya alikuwa ameshapiga simu Elburgon. Aliiweka sauti kubwa, akaisogeza kwenye sikio zuri. Tulisikia kuku, na mtu anayekohoa.

"Haloo?"

"Ulirudi," Mwalimu alisema.

"Nani huyo?"

"Ni mimi. Nimesikia mwisho. Ulirudi."

Kuku walisikika tena.

"Nilikuwa nakuambia," ile sauti ikasema.

"Ulirudi na ukingo. Mimi nilikuwa nangoja ngoma."

"Ningerudi na ngoma si ningekumeza? Ulikuwa umepotea, wewe. Mtu amepotea huwezi kumpigia kelele."

Mwalimu aliichukua simu mkononi mwa mkewe, akaibana sikioni.

"Ningekuacha uende wapi?" ile sauti ikaendelea, taratibu zaidi. "Kujeni Alhamisi. Viazi viko, na kuku niko nazo. Na uvae sweta, huku si Nakuru."

Alhamisi walikwenda. Sikuwapo, kwa hiyo sitasimulia nisichokiona. Najua tu kwamba Mama Kwaya alirudi na gunia la viazi na kwamba tangu siku hiyo hakuna salamu iliyopitia mezani kwake. Wazee wale walikuwa wakipigiana simu wenyewe, wakipayuka mtaa mzima usikie, kwa sababu sasa wote wawili masikio yalikuwa mabovu. Kile kisahani kilitundikwa ukutani juu ya gramafoni, na Mwalimu akakatazwa kukipiga ila sikukuu, kisichakae.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na wimbo mpya. Nilishika karatasi, macho yakakimbilia chini.

"Leo tutaanza mwanzo," Mwalimu alisema.

Tulitazamana. Tenor mmoja aliuliza kama Mwalimu ni mzima. Tukaanza mwanzo, vibaya, kama watu waliopandishwa farasi baada ya kuzoea punda, na tukausukuma ule wimbo mpaka mwisho ambao hakuna aliyekuwa ameufanyia mazoezi. Akina soprano walitoka mapema. Bass wakatoka wakikanyaga miguu ya wote. Mwalimu akafunga ngumi, ukumbi ukanyamaza, na mimi, kama kawaida yangu, nikawa bado niko huko hewani.

Nilisubiri aniambie wenzangu wamefika nyumbani, wanakula. Alichukua penseli nyuma ya sikio, akaweka kiganja nyuma ya lile sikio la kulia ili anipate, na kwa ile penseli akaanza kugonga ukingo wa meza ya kuwekea karatasi, pole pole, tik, tik, tik, akinitazama, mpaka nikamaliza.